Mali bila Daftari Hupotea bila Habari
Historia ya hesabu za nyumbani katika nchi ya Shinyanga na Geita

Mithali hii ni ya watu wa pwani, watu wa majahazi na mizani, ambao tangu kale waliandika kila jora la nguo na kila frasila ya pembe kabla haijatoka ghalani. Wengine, wakiisikia, hudhani ya kuwa sisi wa bara, tuliokaa mbali na bahari na mbali na karatasi, hatukuwa na hesabu yo yote mpaka wageni walipokuja kutufundisha. Sivyo hata kidogo. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi nyumba za Shinyanga na Geita zilivyohesabu mali zao hapo kale, jinsi fedha ilivyoingia na kuivuruga hesabu hiyo, na jambo gani latupasa sasa ili jasho la mwaka mzima lisitoweke katika miezi miwili.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Shinyanga ina msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza mnamo Novemba, hukoma Aprili au Mei, na baada ya hapo nchi hukauka mpaka mwisho wa mwaka. Basi chakula hupatikana mara moja kwa mwaka, lakini njaa huja kila siku. Kila nyumba ililazimika kujibu swali hili: kitu kilichopatikana kwa siku chache kitaliwaje kwa siku nyingi?

Wazee walilijibu swali hilo kwa kihenge. Mtama na uwele ukisha kupurwa na kupepetwa, ulitiwa kihengeni, na mama wa nyumba akachota kila siku kwa kipimo kile kile. Alipochungulia ndani aliona kwa macho yake kimo cha nafaka, akajua kama yatosha mpaka mavuno mapya, au kama imempasa kupunguza kipimo tangu siku ile. Kihenge ndicho kilichokuwa daftari lake. Mapato yalionekana kwa kimo, na matumizi yalionekana kwa jinsi kimo kilivyoshuka. Viazi vitamu navyo havikuachwa vioze. Vilikatwa vipande na kuanikwa juani vikawa michembe, au vilichemshwa kwanza kisha vikaanikwa vikawa matobolwa, vikawekwa kuwa akiba ya miezi ya kiangazi. Na mbegu ilitengwa mbali na chakula, maana mwenye kula mbegu amekula mwaka ujao.

Akiba kubwa zaidi ilikuwa ng'ombe. Mtu mwenye mifugo mingi hakuiweka yote katika zizi moja. Aliwagawia ndugu na rafiki wa mahali mbalimbali ng'ombe wa kuwatunza. Wao wakapata maziwa na samadi, naye akapata usalama, kwa kuwa ugonjwa au maadui wakipiga zizi moja, mengine husalia. Hata majani yaliwekewa akiba. Sehemu ya malisho ilifungwa wakati wa mvua, ikaitwa ngitili, na haikufunguliwa mpaka kiangazi kilipobana. Desturi hiyo ilipungua sana baadaye, nayo nchi ikawa kame, hata Serikali ikaanzisha mwaka wa 1986 kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo wengi waliijua kwa jina la HASHI, na ngitili zikafufuliwa katika vijiji vingi. Twaitaja habari hii ili ionekane kwamba akiba si fedha peke yake. Majani yasiyoliwa leo ni maziwa ya kesho.

Upande wa Uzinza, katika nchi ambayo sehemu yake leo ni Geita, walikuwako Warongo, wahunzi hodari walioyeyusha chuma na kufua majembe. Majembe hayo yalisafiri mpaka Usukuma na Unyamwezi, yakabadilishwa kwa mbuzi na nafaka, na katika mahali pengi yakatolewa kuwa mahari. Jembe lilikuwa chombo cha kazi, na tena lilikuwa kama fedha. Mwenye majembe kumi aliyatundika nyumbani, na mkewe na wanawe waliyaona yote kumi.

Hatusemi kwamba mambo ya kale yalikuwa mema yote. Mnamo mwaka wa 1891 sotoka ilipita katika nchi za Afrika ya Mashariki ikaua ng'ombe wengi mno, na watu waliotegemea mifugo peke yake wakaanguka. Nzige na ukame navyo vilikuja kwa zamu zao. Lakini katika shida hizo zote palikuwa na jambo moja jema: mali ilionekana. Hapana mtu wa nyumbani aliyeweza kupoteza ng'ombe bila wengine kujua, wala kumaliza kihenge kwa siri.

Ndipo ikaja fedha. Mwaka wa 1897 serikali ya Wadachi ilitoa amri ya kodi ya nyumba, nayo ikaanza kutozwa mwaka wa 1898. Nyumba ya kawaida ya shamba ililipiwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni watu waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini kadiri miaka ilivyopita serikali ilizidi kutaka sarafu yenyewe. Tuangalie vema maana ya jambo hili. Mtu aliyekuwa na kihenge kilichojaa na zizi lililojaa alihesabiwa kuwa mdaiwa, kwa sababu hakuwa na rupia. Ilimbidi auze mazao, au awe mchukuzi wa mizigo, au aende kufanya kazi kwa watu. Tangu siku hiyo kila nyumba ilikuwa na hesabu mbili: hesabu ya chakula, waliyoijua vema, na hesabu ya sarafu, ambayo haikuwa na kihenge.

Tena sarafu yenyewe ilikuwa ikibadilika. Rupia iligawanywa kwanza katika pesa 64, kisha tangu mwaka wa 1904 katika heller 100. Vita Kuu ya kwanza ilipokata njia za bahari, Wadachi walipiga sarafu zao wenyewe mjini Tabora mwaka wa 1916, na nyingine zilikuwa za dhahabu, za rupia 15, zenye picha ya tembo. Dhahabu hiyo ilichimbwa Sekenke, upande wa Iramba. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Waingereza walipokwisha kushika nchi walileta florini mwaka wa 1920, na muda mfupi baadaye shilingi ya senti 100, na kila rupia ikahesabiwa shilingi 2. Mtu aliyezaliwa karibu na mwaka wa 1885 alijifunza kuhesabu kwa jembe, kwa pesa, kwa heller, na kwa senti, kabla hajafika umri wa miaka arobaini. Basi tusiwacheke wazee waliochanganyikiwa dukani. Hata karani angechanganyikiwa.

Senti zile za shilingi mpya zilikuwa na tundu katikati, zikaweza kutungwa uzini. Lakini uzi wa senti hufichwa nguoni, na hapo ndipo tofauti ilipo. Kihenge ni cha nyumba nzima, bali uzi ni wa mtu mmoja. Mali iliyokuwa ikionekana kwa wote ikawa yajulikana na mmoja tu, na pengine hata huyo mmoja hakujua imebaki kiasi gani.

Mwaka wa 1928 reli iliyotoka Tabora kupitia Shinyanga ilifika Mwanza, na pamba ikapata njia ya kwenda baharini. Nyumba nyingi zikalima pamba. Pamba huliwa na viwanda, hailiwi na watoto. Faida yake yote ni fedha, na fedha hiyo huja mara moja kwa mwaka. Maduka yalikuwa karibu na mahali pa kuuzia, nayo yalikuwa na kanga, sukari, chumvi, mafuta ya taa na baisikeli. Miezi ya mauzo ilikuwa miezi ya furaha. Miezi ya Januari na Februari, wakati wa palizi, ilikuwa miezi ya kukopa.

Katika kukopa ndipo daftari lilipoingia vijijini kwa nguvu. Mwenye duka aliandika deni kitabuni mwake, mara nyingi kwa maandishi ambayo mkopaji hakuweza kuyasoma. Hatusemi ya kwamba kila mwenye duka alikuwa mdanganyifu. Wengi waliwavusha watu katika njaa. Twasema tu ya kuwa daftari lilikuwa upande mmoja wa meza. Mwaka wa 1931 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo ya wageni kwa Waafrika, hata deni lisilokuwa na maandiko yaliyokubaliwa na afisa wa serikali halikuweza kudaiwa barazani. Sheria hiyo ilisemwa kuwa ni ya kumlinda mwananchi, lakini pia ilimfungia mlango mwananchi aliyetaka mkopo wa haki ili afanye biashara. Ulinzi ulio bora zaidi ungekuwa kumpa daftari lake mwenyewe na elimu ya kulisoma.

Wakulima wa Usukuma walilitambua jambo hilo wenyewe. Katika miaka ya kwanza baada ya 1950 walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi wa pamba haiwatendei haki, wakaweka watu wao wa kusimamia upimaji. Uzito ukaandikwa mara mbili, na aliyetaka kudanganya akaona aibu. Kutokana na mwanzo huo mdogo vilitokea vyama vya ushirika, na mwaka wa 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria, ambalo Bwana Paul Bomani alikuwa kiongozi wake, nalo likawa mojawapo ya mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Watu waliokuwa wakiitwa wasiojua hesabu waliishika biashara ya pamba ya jimbo zima. Basi daftari si la kumbana mtu asitumie. Kwanza kabisa ni silaha ya mnyonge, maana asiyejua alicholeta hawezi kudai alichopunjwa.

Sasa twende machimboni. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza katika miaka ya 1930, na mwaka wa 1940 Daktari John Williamson, mtaalamu wa mawe kutoka Canada, aligundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Vijana waliacha majembe wakaenda kutafuta mshahara. Wakati ule kazi nyingi za migodi na mashamba zilihesabiwa kwa kipande, yaani karatasi yenye siku 30 za kazi; siku ikitimizwa, hutiwa alama, na kipande kikijaa, mtu hulipwa. Angalia jinsi tajiri alivyohesabu jasho la mtu siku kwa siku. Lakini je, mtu mwenyewe alipopokea malipo, naye aliyahesabu siku kwa siku? Wengi walipokea jioni, na asubuhi ya tatu wakaanza kukopa juu ya kipande kipya.

Mshahara una hatari nyingine, nayo ni kuonekana kana kwamba hauna mwisho. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka wa 1966, na fedha iliyokuwa ikija kila mwezi ikakoma kwa wote pamoja. Aliyekuwa amegeuza mishahara yake kuwa ng'ombe, nyumba ya bati au ada za watoto, alirudi kwao akiwa na kitu. Aliyekuwa ameila yote alirudi na hadithi. Mgodi mwingine mkubwa ulifunguliwa Geita mwaka wa 2000, na wa Bulyanhulu, katika nchi ya Kahama, mwaka wa 2001. Lakini dhahabu haioti tena kama mtama. Kila gramu iliyotolewa imepunguza zilizobaki.

Wachimbaji wadogo wana shida yao ya pekee. Hawana msimu kama mkulima, wala mwezi kama mwenye mshahara. Watu wa duara moja waweza kuchimba wiki nyingi bila kupata kitu, wakila kwa mkopo, kisha siku moja wakagawana mifuko ya mawe yenye dhahabu. Fedha ya namna hiyo hufanana na mvua ya radi: hunyesha nyingi kwa saa moja, na ardhi isiyolimwa haiinywi, hupita juu na kwenda zake. Mwaka wa 2019 soko la madini lilifunguliwa mjini Geita, ili mchimbaji auze mahali panapojulikana badala ya gizani. Hilo ni jambo kubwa, lakini soko laandika mapato tu. Matumizi ni juu ya mchimbaji mwenyewe. Tungependa kila mwenye kufanya kazi hii ajue jumla ya yale aliyotoa kabla ya dhahabu kuonekana: chakula, magogo, kusaga mawe, maji, na madeni. Pengine atagundua ya kwamba duara analolisifu limemla zaidi kuliko lilivyomlisha.

Basi tufanye hesabu moja, na hesabu hii ni mfano tu, si habari za mtu fulani. Nyumba ya mkulima imeuza pamba na dengu, ikapata shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Kwa macho ya siku ya mauzo hizo ni nyingi. Lakini zigawe kwa miezi 12, utaona ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Toa kwanza mbegu na dawa za msimu ujao, shilingi 200,000; mahitaji ya watoto shuleni, 240,000; akiba ya maradhi na misiba, 160,000. Zimebaki 600,000, yaani 50,000 kwa kila mwezi. Sasa mwenye nyumba ana desturi ya kutumia shilingi 500 kila siku kwa kitu kidogo ambacho hata hakikumbuki. Kwa siku 30 ni shilingi 15,000, na kwa miezi 12 ni 180,000. Kitu hicho kidogo kimezidi fungu zima la maradhi na misiba! Hapana mwizi aliyeingia. Bandu bandu huisha gogo.

Tuongeze jambo moja la chakula. Nyumba hiyo, kwa haraka ya fedha, imeuza gunia la mahindi mwezi wa Julai kwa shilingi 60,000, na mwezi wa Februari imelazimika kununua gunia kama lile kwa shilingi 100,000. Imepoteza shilingi 40,000, na pamba yake imelimwa ili kulipia hasara hiyo. Ndiyo sababu twasema kihenge kisiachwe kwa ajili ya daftari. Daftari la mwenye shamba na liandike magunia pamoja na shilingi.

Na daftari lenyewe ni jambo jepesi. Kitabu cha mazoezi cha mwanafunzi chatosha. Upande wa kushoto andika kilichoingia, upande wa kulia kilichotoka, pamoja na tarehe. Mwisho wa juma toa jumla na uandike kilichobaki, kisha uhesabu fedha iliyomo. Ikiwa karatasi na sanduku havipatani, tafuta sababu siku ile ile, maana baada ya mwezi hutaikumbuka. Madeni uliyokopa na uliyokopesha yawe na ukurasa wao. Asiyejua kuandika amwite mwanawe anayesoma shule. Mtoto atajifunza hesabu, na tena atajua kwa nini hakununuliwa kile alichokililia.

Jambo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Daftari lisiwe la mume peke yake. Tumeona kwamba hapo kale mkono wa mama ndio uliochota kihengeni, nao ndio uliojua kilichobaki. Fedha ilipokuja, mara nyingi ilikabidhiwa mwanamume, na aliyejua mahitaji ya nyumba akawa hajui mapato yake. Pamba yapaliliwa na mikono ya wote. Haifai ihesabiwe na macho ya mmoja. Nyumba ambamo mume na mke hukaa pamoja jioni moja kwa juma na kufungua kitabu imerudisha desturi njema ya wazee, yaani mali kuonekana.

Mahali pa kuweka akiba papo. Benki ya akiba ya posta ilianzishwa katika Tanganyika mwaka wa 1925, na leo viko vyama vya akiba vya vijijini ambavyo sanduku lao hufungwa kwa kufuli zaidi ya moja, na funguo hushikwa na watu mbalimbali. Tangu mwaka wa 2008 fedha hutumwa na kuwekwa hata kwa simu ya mkononi. Simu huleta ujumbe kila fedha inapotoka, lakini ujumbe usiosomwa tena si daftari, ni kelele tu.

Hatutaki kumdanganya mtu. Hesabu njema haileti mvua, haipandishi bei ya pamba, wala haitii dhahabu katika jiwe tupu. Iko nyumba maskini ambayo huandika kila senti na bado hulala njaa, na aibu ya jambo hilo si yake. Lakini mwenye hesabu huiona njaa ingali mbali, mwezi wa Septemba, wakati bado aweza kupunguza kipimo, kuuza mbuzi mmoja kwa bei nzuri, au kuomba msaada kabla hajawa mtumwa wa deni. Asiye na hesabu hukutana nayo mlangoni mwezi wa Februari, na huyo hana tena la kuchagua.